Nyumba Iliyokaa Chini ya Kitanda

Samli ikiwa sufuriani inakuita ule. Ikipakwa kwenye ufito wa zamani, ulioshiba moshi miaka na miaka, inakuita uketi. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeketi hivyo sebuleni kwa binti yangu, hapa Donholm, Nairobi, kitambaa mkononi, fito zimelazwa juu ya magazeti. Nilikuwa najiandaa kuhama tena. Nimepata chumba Huruma, cha peke yangu, na binti yangu amekasirika mpaka ameacha kunisemesha asubuhi. Nikawa nasugua fito zangu kimyakimya. Kabla sijamaliza ya tatu nilikuwa nimesharudi Shauri Moyo, nina miaka minane, miguu peku, nimesimama mlangoni naogopa kuingia.

Sisi tuliokulia nyumba zile tunazijua. Chumba kimoja, pazia katikati, mfereji mmoja wa watu wote wa safu. Mchana wa utotoni naukumbuka kama kitu kimoja kisichokatika: nguo zinapepea kwenye kamba, nyundo zinagonga mabati kule soko la Gikomba, treni inapiga honi na kwenda zake bila kutuaga. Jua lilikuwa linakaa sana siku hizo. Ungeweza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ukachoka, ukalala kibarazani, ukaamka, na bado liko palepale juu ya paa la jirani.

Mama alizaliwa Pumwani na akaolewa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao. Fahari yake ilikuwa sakafu. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu na Mama aliisugua kwa nta mpaka ukaweza kujiona meno. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda kaskazini, huko alikozaliwa, na kila baada ya wiki mbili alikuwa anaondoka. Siku ya kuamkia safari alikuwa anajilaza chini ya lori na mkebe wa grisi, anapaka chuma kimoja kimoja, nami nachuchumaa pembeni nikimtazama miguu. Nilichukia harufu ya grisi. Ikisikika, Baba hayupo.

Basi mimi niliamini dunia imegawanywa hivyo, wanaume waende na wanawake wakae. Halafu akaja Ayeyo.

Ayeyo ni nyanya kwa lugha ya kina Baba, na huyu alikuwa mama yake mzazi. Alikuja ameketi kiti cha mbele cha lori, mgongo wima kama aliyezoea kupanda kitu kirefu zaidi ya hicho. Ukame ulikuwa umemaliza ngamia wao wote, na mbuzi, na hata mbwa. Alishuka na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa, mswaki kwenye kona ya mdomo, na nyuma yake wanaume wawili wakashusha mzigo mrefu uliofungwa kwa kamba za ngozi. Ndani kulikuwa na mikeka minene iliyoviringishwa na vijiti vilivyopindwa kama mbavu.

"Baba, hizi ni kuni?" niliuliza.

"Kuni! Ayeyo asikusikie. Hiyo ni nyumba yake."

Niliuzunguka ule mzigo nikitafuta mlango. Mama naye aliutazama, akatazama sakafu yake, akatazama tena mzigo. Mwishowe nyumba ya Ayeyo ilisukumwa chini ya kitanda, ncha zake zikachungulia nje. "Nyumba ndani ya nyumba," Mama alinong'ona akiwa ameinama na ufagio. "Sasa mimi nitafagia wapi?" Alisema chini kwa chini, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Ayeyo ndiye aliyenieleza, kwa Kiswahili chake cha huko juu. Alikuwa ananiketisha katikati ya magoti yake kibarazani, ananisuka, na vidole vyake vilinuka moshi mtamu wa ubani hata baada ya kunawa.

"Mwanaume iko na ngamia," alisema. "Mwanamke iko na nyumba. Majani nakwisha, mwanaume naleta maneno mingi. Mwanamke nafungua kamba tu. Nyumba napanda juu ya ngamia, nyumba naenda."

"Na mahali ilipokuwa kunabaki nini?"

"Majivu. Na mahali mtoto nachezea."

Kisha alinitajia mahali walipowahi kukaa, jina baada ya jina, polepole, kama mtu anayewaita watoto wake waje kula. Nilifumba macho. Ilikuwa saa ile ya alasiri ambapo hata wauza mboga wanasinzia, na nakuapia niliziona nyumba zetu za kanjo, mali ya baraza la jiji, zikisimama, safu nzima, zikajifunga kamba zake za nguo kiunoni na kuanza kutembea kuelekea kaskazini, bila haraka, mfereji ukizifuata nyuma kama ndama. Sijawahi kumweleza mtu yeyote jambo hili. Nikiwa na homa mpaka leo huwa naziona.

Jambo moja tu lilimsumbua Ayeyo, nalo ni mfereji. Hakuuamini. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele yake, mikono nyuma, anatazama maji yakiingia kwenye ndoo za watu.

"Maji hii nakwisha lini?"

"Hayaishi, mama," Baba alimjibu.

"Kila maji nakwisha," Ayeyo alisema, na alisema bila uchungu, kama mtu anayekwambia kwamba leo ni Jumanne.

Mvua zilichelewa mwaka huo, na asubuhi moja mfereji ulikohoa mara mbili ukanyamaza. Siku ya kwanza watu walitania. Siku ya pili wanawake walijitwika madebe wakaenda kutafuta mbali, wakarudi na shingo zinauma. Baba alikuwa safarini. Ayeyo aliketi kibarazani kutwa nzima, anawaangalia wanaokwenda na wanaorudi.

Siku ya tatu nilitoka shuleni, nikapinda kona ya safu yetu. Ayeyo alikuwa ameitoa nyumba yake chini ya kitanda. Fito zote zilikuwa zimelala juani, zimepangwa kwa urefu, ishirini na nne. Kando yake palikuwa na mkebe wa samli. Alikuwa anapaka ufito mmoja mmoja, kutoka ncha hadi ncha, anaugeuza, anaupaka tena, na midomo yake inahesabu.

Sikumuuliza kitu. Jibu nilikuwa nalo. Maji yamekwisha, na sasa anapaka mafuta.

Nilimpata Achieng, rafiki yangu wa mlango wa tatu, anaruka bladda peke yake, kamba ya mpira ameifunga kwenye nguzo.

"Nyanya yangu anahama," nilimwambia.

"Acha zako! Anaenda na nani?"

"Na nyumba yake."

Achieng aliacha kuruka. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa mjuzi wa mambo. "Si nyumba ikikosa kitu kimoja haiinuki?" alisema. "Kama baiskeli ya buda wangu. Ilikosa nati moja tu. Imekaa tu hapo mpaka leo." Baba yake alimwita buda.

Sikumlaumu Achieng wakati huo na simlaumu sasa. Alinipa wazo, lakini mikono ilikuwa yangu. Kesho yake alasiri, Ayeyo alipoingia ndani kuswali, nilichukua ufito mfupi kuliko zote. Ulikuwa mwepesi, nusu duara, laini kama shavu. Niliuficha chini ya leso ya Mama iliyoanikwa, nikatembea nao ubavuni mpaka mwisho wa safu, ambako Mama Achieng alikuwa anakaanga samaki nje kwa moto wa vipande vya mbao vya Gikomba. Alikuwa amenipa mgongo, anamfungia mteja samaki kwenye gazeti. Nikachomeka ncha moja chini ya karai. Haukushika. Nikausukuma zaidi. Halafu samli ikashika, na moto ukasimama wa manjano, mrefu, safi.

Sikuwa nimefikiria harufu. Moshi wa mbao za Gikomba unawasha macho, lakini huu ulitoka mtamu na mzito, samli na ubani na maziwa ya zamani, ukapita juu ya kamba za nguo, ukaingia milango yote. Watu walitoa vichwa nje. Mtu mmoja aliuliza kama kuna harusi. Nami nilibaki nimesimama palepale, leso ya Mama imenining'inia mkononi.

Ayeyo alitokea upande wa pili wa safu. Hakukimbia. Alikuja ameinua uso, anafuata ile harufu kama unavyomfuata mtu unayemjua katikati ya umati. Alipofika alisimama mbele ya moto.

"Nani nachoma nyumba yangu?"

"Yawa!" Mama Achieng alishika kichwa. "Mama, mimi nilidhani ni kuni tu! Na vile inanukia nikasema leo samaki yangu itaenda yote!"

Ayeyo aliinama akauchomoa ufito kwa mkono mtupu. Nusu ilikuwa imebaki, na ncha yake ilikuwa nyeusi. Hakumtazama Mama Achieng tena. Alinitazama mimi, akaitazama leso, na akanishika mkono, mkono wake una moto, tukarudi kibarazani kwetu. Nilijua nitachapwa na nilitaka nichapwe haraka.

"Kwa nini?" aliniuliza.

"Sitaki uhame."

"Nani nasema mimi nahama?"

Nikamwaga yote, kwikwi juu ya kwikwi. Kwamba maji yamekwisha. Kwamba Baba akipaka grisi anaenda, na yeye amepaka samli. Kwamba nyumba ikikosa kitu haiinuki.

Ayeyo aliutazama ule ufito. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na baadaye kidogo nikaona kwamba analia pia. Alijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mimi nahama na nini? Ngamia iko wapi? Wewe nabeba nyumba mgongoni?" Alinipangusa kamasi kwa ule ule mtandio. "Sikia. Maji nakwisha siku tatu. Mimi nakaa hapa naangalia. Watu nabeba debe, naenda, narudi. Nabeba debe, naenda, narudi. Hakuna mtu nafungua nyumba. Mama yako pia hapana fungua. Nikasema basi. Hawa watu nakaa. Mimi pia nakaa."

"Sasa kwa nini umepaka mafuta?"

Aliuweka ule ufito ulioungua kwenye mapaja yangu.

"Nyumba hapana ya mwanaume. Nyumba mama napatia msichana. Mama yangu napatia mimi. Mimi Mungu hapana patia msichana, napatia baba yako peke yake. Basi iko wewe. Mimi nilikuwa nasafisha nyumba yako."

Nilikuwa nimechoma nyumba yangu mwenyewe. Nimefanya makosa mengi tangu siku hiyo, mengine makubwa zaidi kwa hesabu ya watu wazima, lakini hakuna lililowahi kuniuma namna ile. Nililia mpaka Mama akarudi na debe lake kichwani na kuuliza ni nani aliyekufa.

Maji yalirudi kesho yake. Nyumba yangu ndiyo haikurudi. Ayeyo alisema ishirini na tatu hazipewi mtu, nyumba itaegemea upande mmoja maisha yake yote, na mwenye nyumba naye ataegemea. Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda Gikomba, mimi na yeye, kutafuta ufito. Kwao mti wa kazi hiyo huchimbwa mzizi, ukapindwa ukiwa mbichi, ukakaa umefungwa mpaka ukubali. Wauza mbao wa Gikomba walimletea kila walichokuwa nacho. Alinusa, akapinda kidogo kwenye goti. Kimoja kilivunjika. Kingine kikaruka na kumpiga muuzaji kiunoni.

"Mti ya Nairobi hapana sikia," alisema.

Tulikuwa tunakata tamaa tulipopita kwa mafundi wa masanduku ya bati. Mmoja wao, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa anapinda nondo iliyopashwa moto, na nondo ilikuwa inakwenda anakotaka yeye. Ayeyo alisimama. Alitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama mfereji. Kisha akaweka mbele ya fundi ufito uliofanana na ule niliouchoma, pacha wake, na kumwonyesha kwa kidole umbo lake.

Fundi alipima kwa jicho, akapasha, akapinda, akalinganisha, akapinda tena kiasi cha unywele mmoja. Ilipopoa Ayeyo alipitisha kiganja juu yake polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na jamaa asiyemtarajia.

"Chuma nasikia," alisema.

Nyumba ilisimamishwa Jumapili, kwenye uwanja kati ya safu yetu na ya pili. Ayeyo aliamuru, na wanawake wakafanya, Mama akiwa mmoja wao, Mama Achieng akifunga kamba kwa nguvu ya mtu anayelipa kosa lisilo lake. Nondo ilivikwa kitambaa ili isikwaruze mikeka. Ilipomalizika Ayeyo alinisukuma mlangoni, mimi kwanza.

Ningependa kuwaeleza nuru ya ndani lakini sijui kama nitaweza. Jua lilipenya kwenye matundu ya mikeka likaanguka vitone vitone, mikononi, kwenye magoti, kwenye uso wa Achieng aliyelala chali kando yangu. Kelele za mtaa zilibaki nje. Nyundo za Gikomba zilisikika kama zinagongwa mwaka mwingine. Kila upepo ulipopita, nyumba nzima ilivuta pumzi kidogo na kuitoa. Mama aliingia wa mwisho, mikono imelowa, akaketi chini kwenye vumbi, yeye na sakafu yake ya nta. Alikaa kitambo.

"Kumbe ina hewa," alisema.

Haikumaliza siku. Askari wa kanjo alipita, akaizunguka mara mbili, na kuuliza kwa heshima ni nani amejenga na kwa ruhusa gani. Mama alimkaribisha chai chumbani kwetu. Ayeyo alitazama kikombe kikibebwa, akafungua kamba ya kwanza. Askari alipotoka akipangusa masharubu, uwanjani palikuwa na duara juu ya vumbi na watoto wanaruka ndani yake.

"Sasa ile nyumba iko wapi?"

"Chini ya kitanda," nilimjibu.

Alicheka mpaka akavua kofia.

Ayeyo hakuhama tena. Aliishi nasi mpaka nilipomaliza shule, na alifia kwenye kile chumba chenye sakafu nyekundu, mfereji ukisikika mlangoni. Mimi, niliyechoma nyumba ili mtu asiondoke, ndiye niliyekuja kuhama. Nimehama kwa kuolewa na kwa kuachika, kwa kodi iliyopanda, kwa paa lililovuja, na mara mbili kwa kiburi tu. Mzigo wa Ayeyo hutangulia kila mara, na kila mara huishia chini ya kitanda. Nimepaka samli kila nilipokaribia kuondoka, nikijiambia kwamba natunza urithi. Sikuwahi kujiuliza mbona siipaki nikiwa nimetulia.

Basi Ijumaa iliyopita nikapaka. Mjukuu wangu Zaituni, wa miaka sita, aliketi kwenye mkono wa kochi akinitazama, amesikia ugomvi wangu na mama yake wiki nzima. Hakuuliza kitu. Niliinuka kuswali. Niliporudi, nilihesabu kabla ya kufunga, kama nilivyofundishwa.

Ishirini na tatu.

Nilihesabu tena. Iliyokosekana ilikuwa nondo. Zaituni alikuwa amesimama kando ya pazia, mikono nyuma, na ncha ya chuma ilikuwa imemzidi urefu begani. Alinitazama kwa macho makavu ya mtu aliyejiandaa kuchapwa. Nilimfahamu kuliko nilivyowahi kumfahamu mtu yeyote. Lakini mimi nilimkosea Ayeyo, na huyu mtoto hakunikosea. Mimi kweli nilikuwa naenda.

Simu yangu iliita mezani. Alikuwa mwenye chumba wa Huruma. Nikaiacha iite mpaka ikachoka. Nikafunika mkebe wa samli, nikasogeza magazeti, nikamwonyesha mtoto nafasi kando yangu.

"Njoo nayo," nilimwambia. "Njoo nikuonyeshe nyumba yako."